Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kipimo cha MRI ya Tezi Dume

Kwa miaka mingi, mwanaume aliyekutwa na PSA (protini inayotengenezwa na tezi dume) ya juu kwenye damu alipelekwa moja kwa moja kuchukuliwa vinyama kwa sindano, vipande kumi na viwili hivi, huku daktari akiwa hajui uvimbe umejificha upande gani. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ikitangulia, takribani robo ya wanaume wangeweza kuepushwa na sindano hiyo. Mwaka 2018 ukafuata utafiti wa PRECISION uliohusisha wanaume 500, ambapo saratani zinazohitaji matibabu ziligunduliwa kwa asilimia 38 ya walioanzia MRI, na kwa asilimia 26 tu ya waliochomwa kwa utaratibu wa zamani. Faida hiyo hupatikana picha zikiwa safi, na sisi tunaokaa na wagonjwa kwenye chumba cha MRI tunajua kwamba usafi wa picha huanza kuandaliwa kabla mgonjwa hajafika hospitalini.

Kama umeshachukuliwa kinyama, taja tarehe mapema, wakati wa kupanga miadi. Sindano huacha damu ndani ya tezi, na mahali palipovilia damu panaweza kuonekana peusi kwenye baadhi ya picha kama panavyoonekana palipo na saratani, kiasi cha kumchanganya hata msomaji mzoefu. Ndiyo maana inashauriwa kusubiri angalau wiki sita, isipokuwa daktari awe na sababu ya kuharakisha.

Linalofuata watu huona haya kulizungumza, nalo ndilo linaloharibu picha nyingi: haja kubwa na gesi tumboni. Tezi dume imeegemeana na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na takribani asilimia 70 ya saratani zake huanzia kwenye ukanda wa nje, ule ule unaopakana na puru. Mojawapo ya picha muhimu kuliko zote hufuatilia mwendo wa chembe za maji ndani ya nyama, kwa kuwa palipo na saratani seli husongamana na maji hukosa nafasi ya kutembea, hivyo doa hung'aa. Sasa hewa ikijaa kwenye puru, uga wa sumaku huvurugika pale hewa inapokutana na nyama. Nimeona kiputo cha ukubwa wa ndimu kikiuvuta ukingo wa nyuma wa tezi hadi ukapinda na kung'aa ovyo, na hapo hakuna awezaye kusema kwa uhakika kama kuna doa au hakuna. Kwa hiyo kula chakula chepesi jioni ya kuamkia kipimo, punguza maharage, kabichi na soda, kisha nenda chooni dakika chache kabla ya kuingia, hata kama husikii kubanwa sana. Usijipige enema (maji ya kusafisha utumbo kupitia njia ya haja kubwa) kwa uamuzi wako mwenyewe, maana maji yake yanaweza kuuchochea utumbo ucheze zaidi. Kituo kikiitaka, kitakuelekeza. Vituo vingine hutoa sindano ya kutuliza utumbo, basi sema mapema kama una presha ya macho, ugonjwa wa moyo au mkojo unaoziba.

Kuhusu vyuma, usimfiche mhudumu chochote. Betri ya moyo, kifaa cha kusaidia kusikia kilichopandikizwa na klipu za mishipa ya kichwani ni lazima zijulikane pamoja na karatasi zake. Fundi wa kuchomelea mageti aseme kama aliwahi kuingiwa na cheche ya chuma jichoni, kwani kipande kidogo kilichobaki kinaweza kusogezwa na sumaku. Nyonga ya bandia mara nyingi haizuii kipimo, ila huvuruga picha za jirani, na mpiga picha akijua mapema hubadilisha mpangilio wa mashine.

Uliza pia kama utachomwa dawa ya kung'arisha picha, ambayo huhitaji kipimo cha figo kwa wenye historia ya matatizo ya figo. Utafiti wa PRIME, uliochapishwa mwaka 2025, ulilinganisha kipimo chenye dawa hiyo na kifupi kisicho nayo, na vyote viwili vikagundua saratani za hatari kwa takribani asilimia 29 ya wanaume. Kwa anayelipa kutoka mfukoni, swali hilo lina uzito, mradi mashine na wasomaji wawe wazuri, kwani utafiti wenyewe ulisimamia sana ubora wa picha.

Mwisho, beba majibu yote ya PSA yenye tarehe na utaje dawa unazotumia, hasa finasteride, dawa ya kupunguza tezi dume iliyokua, ambayo ikitumika kwa miezi kadhaa hushusha PSA hadi karibu nusu na kuficha ukweli. Daktari pia hugawanya PSA kwa ukubwa wa tezi: PSA ya 6 kwenye tezi ya mililita 80 hutoa uwiano wa 0.075, PSA hiyo hiyo kwenye tezi ya mililita 30 hutoa 0.2, juu ya 0.15 ambayo madaktari wengi huiona kuwa ya kutiliwa shaka. MRI ndiyo inayopima ukubwa wa tezi, na doa likipewa alama 3 kati ya 5, yaani lisiloeleweka, uwiano huo mara nyingi ndio unaoamua kama utachukuliwa kinyama au utafuatiliwa. Kama ulishapigwa MRI huko nyuma, njoo na CD yenye picha zenyewe pamoja na ile karatasi ya majibu, ili msomaji aliweke doa la leo kando ya la mwaka jana na kuona kama limekua.