Maumivu ya kiuno: zoezi lipi linakufaa?
Kwanza angalia maumivu yanaelekea wapi. Lala kifudifudi, viganja usawa wa mabega, kisha nyoosha mikono uinue kifua huku nyonga zikibaki sakafuni. Rudia mara 10. Maumivu ya mguuni yakipanda na kubaki kiunoni ni dalili njema, hata kiuno kikiuma zaidi kidogo. Endelea kila baada ya saa 2 au 3. Yakishuka kuelekea unyayo, acha. Wengi hukosea kwa kukaza makalio, na mgongo haupindi inavyotakiwa.

Wazee wanaopata nafuu wakikaa au wakiinama mara nyingi hufaidika zaidi kwa kuvuta magoti kifuani.

Kwa maumivu yanayorudi mara kwa mara, imarisha misuli: piga magoti, weka viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa sekunde 8, kisha badilisha. Yape mazoezi haya wiki 6 hadi 8.

Masaji na kukanda kwa maji moto dakika 15 hutuliza tu, basi yatumie kabla ya mazoezi. Usishinde kitandani.

Ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au kuvuja, mguu kulegea: nenda hospitali leo hii.