SOMO: Alijipiga risasi au alipigwa? Wachunguzi wanavyolipata jibu

Wadau, ukisikia "marehemu amejiua" saa chache tu baada ya maiti kuonekana, jua kazi haijaanza. Mfano upo Kenya. Februari 1990 mwili wa Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, ulikutwa kilima cha Got Alila, karibu na shamba lake la Koru: risasi kichwani, umechomwa moto, bastola kando. Habari ya kujiua ikatembezwa mapema. Kisha akaitwa John Troon, mpelelezi wa Scotland Yard (polisi wa London, Uingereza), naye akahitimisha ni mauaji.

Hatua ya 1: Eneo la tukio. Picha kwanza, kushika baadaye. Mikono ya marehemu huvikwa mifuko ya karatasi. Ya plastiki hukusanya unyevu na kuharibu mabaki ya baruti.

Hatua ya 2: Jeraha. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtutu ukigusa ngozi, gesi na masizi huingia ndani ya jeraha, na pengine mdomo wa silaha huacha chapa yake. Ukisogezwa nyuma kidogo, chembe za baruti hupiga ngozi vidoadoa ambavyo ukiosha havitoki. Kwa bastola, umbali ukizidi takriban mita moja mara nyingi hubaki tundu na ukingo uliochubuka, basi. Ili kukadiria umbali, mtaalamu hufyatua silaha ileile, kwa risasi za aina ileile, kwenye kitambaa cheupe, halafu analinganisha. Mkono wa binadamu una urefu wake, kwa hiyo risasi ya mbali humwondoa marehemu kwenye orodha ya washukiwa. Ya karibu haithibitishi kujiua, maana hata muuaji anaweza kusogea.

Hatua ya 3: Silaha. Iko wapi, ya nani, na ganda la risasi limeangukia wapi? Watu hutaka kuikuta mkononi kama kwenye sinema, lakini mara nyingi huanguka. Kukosa alama za vidole nako si ajabu. Bastola hazizishiki vizuri.

Hatua ya 4: Maisha yake. Afya, madeni, vitisho, nani alikuwa naye mwisho. Daktari peke yake hawezi kujibu haya.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, baruti ikikutwa mkononi si kesi imeisha?*
Haijaisha. Maabara hutafuta chembe zenye metali za ledi (lead), bari na antimoni, na hizo humwangukia yeyote aliyekuwa karibu, hata aliyeinua mkono kujikinga.

*Mwili ukichomwa, ushahidi si unateketea?*
Si wote. Aliyeungua akiwa hai huvuta moshi, hivyo masizi hukutwa kwenye njia ya hewa na kaboni monoksidi kwenye damu. Fuvu nalo husema: risasi inapoingia, tundu hupanuka upande wa ndani wa mfupa, inapotoka, upande wa nje.

*Kesi ya Ouko iliishia wapi?*
Tume ya Jaji Evans Gicheru ilivunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi. Jonah Anguka, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Nakuru, alishtakiwa na kuachiwa huru 1994. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.