Kabla ya kukunja karatasi, tafuta nyuzi zake

Unapotengeneza kijidaftari cha kubandikia tiketi za boti na vikaratasi vya wikiendi ya Unguja, ipinde kwanza karatasi taratibu bila kuivunja: kwa upana, kisha kwa urefu. Mstari wa mpindo ulio laini zaidi ndio unaofuata nyuzi, yaani vinyuzi vidogo vinavyounda karatasi, na mkunjo wa mgongo wa daftari upite sambamba nazo. Karatasi ya kiwandani hutandazwa juu ya wavu unaokwenda, kwa hiyo nyuzi nyingi huelekea upande mmoja. Ukizikunja kinyume, karatasi nzito kama manila inapasuka; tena zikinywa unyevu hutanuka kwa upana, na kwa unyevu wa Mji Mkongwe kurasa zitafanya mawimbi mgongoni. A4 nyingi za dukani zina nyuzi za urefu, hivyo ikunje kwa urefu upate daftari jembamba, refu (tiketi hukaa vizuri humo, mimi nalipenda zaidi). Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono haina upande: nyuzi zake zimetawanyika, inapinda sawa kote. Hiyo pigia rula, pitisha mpini wa kijiko kwenye mstari, ndipo ukunje.