Usiishie kuangalia tarehe tu

Jamani wazazi wenzangu, juzi nimefungua pakiti ya unga wa lishe niliyoinunua duka la mtaani hapa Mtwara. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado miezi miwili. Ndani unga umeshikana mabonge, ukilivunja bonge unakuta utando wa kijivu na harufu ya ukungu. Nimeumwaga wote, ingawa hela iliniuma.

Tarehe ile inahesabiwa kwa pakiti iliyofungwa vizuri na kuwekwa pakavu, pasipo joto. Huku pwani joto na unyevu haviishi, na duka la bati linawaka mchana kutwa. Kwa hiyo bonyeza pakiti kabla hujalipa. Kopo lililovimba liache, hata kuonja usionje. Na kilichopita tarehe usimpe mtoto mchanga kabisa.

Ila ninachokihofia zaidi ni karanga na mahindi tunayonunua kwa kipimo, ambayo hayana tarehe yoyote. Vikiota ukungu vinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, ambayo inaharibu ini. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi, na huwezi kuiona wala kuinusa. Kabla ya kutwanga, mwaga karanga kwenye ungo uchambue: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, tupa. Zikiwa nyingi, tupa fungu zima. Wala usiwamwagie kuku, nao inawadhuru.

Zilizobaki zianike zikauke, uziweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, juu ya kichanja, mbali na sakafu.