Kuangalia viboko na ndege kwa boti Bwawa la Mtera: mwongozo kwa wawili

Mke na mume wa Nkuhungu, hapa Dodoma, waliniomba niwapangie safari ya boti Mtera. Wamerudi wameridhika, na sasa watu wananiuliza walifanyaje. Naandika kwa ajili ya wawili kwa makusudi: boti yenye watu wawili na nahodha huenda kimya, na ndege hawaruki mapema.

Hatua ya 1: Mwezi

Mtera ilijengwa kati ya 1975 na 1980 kwa kuzuia mto Ruaha Mkuu ili mitambo ya umeme ya Kidatu, chini zaidi mtoni, ipate maji mwaka mzima. Tangu 1988 pana mitambo ya umeme ya megawati 80 hapo hapo Mtera. Kwa hiyo kina kinategemea mvua na umeme. Bwawa likijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Ardhi ile ni tambarare, hivyo maji yakishuka kidogo tu, ufuko husogea mbali sana. Mei na Juni maji ni mengi na wanyama wametawanyika. Mimi nachagua Septemba au Oktoba: viboko wamejikusanya penye kina, na matope yamejaa ndege.

Hatua ya 2: Laleni Mtera

Basi lolote la Iringa litawashusha. Alfajiri muwe majini kabla jua halijapanda, na saa nne muwe mmerudi. Upepo wa kiangazi ukianza, mawimbi ya Mtera si ya kuchezea.

Hatua ya 3: Boti

Ulizeni kwa viongozi wa wavuvi, ama Mtera penyewe ama upande wa kijiji cha Migoli. Boti ya mbao, pana, yenye injini ndogo. Mtumbwi mwembamba msikubali hata kwa bei ya bure. Jaketi okozi mbili zinazowatosha, mzivae mkiwa bado nchi kavu. Bei mkubaliane pamoja na petroli.

Hatua ya 4: Visiki na viboko

Hapa ndipo safari huharibika, someni taratibu.

Bonde lilipofunikwa na maji, miti mingi iliachwa imesimama. Mingine mnaiona, mikavu, ndege wamekaa juu yake. Mingine imekatikia chini ya maji, na kisiki ambacho Mei kilikuwa chini kabisa, Oktoba kiko karibu na uso. Injini nyingi ndogo zina pini inayoshika propela, na imetengenezwa ikatike propela ikigonga kitu, ili gia zipone. Niliwahi kukwama na wageni hadi jua la utosini kwa sababu pini ilikatika na ya akiba haikuwamo. Basi kabla ya kuondoka mwambie nahodha: "Kaka, naomba nione pini ya akiba na koleo." Akikuonyesha msumari, mkatae kwa heshima. Msumari mgumu usipokatika, gia ndizo zinazovunjika. Muwe pia na makasia mawili na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Mimi naliamini pondo kuliko injini yoyote: linapima kina, linasukuma, na halizimiki.

Sasa viboko. Kiboko akishtuka hukimbilia maji ya kina. Ukiwa umekaa kati yake na kina, atapita hapo ulipo. Kwa hiyo mwachieni maji ya kina, ninyi piteni upande wa maji mafupi, mbali naye, nami sisogei karibu zaidi ya mita 50. Walioonekana sita huenda ni tisa, kwa kuwa aliyezama anaweza kukaa chini dakika tano. Nahodha agonge ubavu wa boti kwa kasia ili walio chini wajue mpo na waibuke. Dume akiachama, anawaonya, ondokeni. Mkiona mapovu yamejipanga mstari kuja kwenu, msingoje aibuke.

Kanuni yangu ni hii, na siivunji kwa mgeni yeyote: viboko tunawatazama kutoka maji yasiyo na visiki, injini inaunguruma polepole, ndege tunawafuata ndani ya visiki, injini imeinuliwa, pondo mkononi. Viboko wakiwa ndani ya visiki, siku hiyo hatuingii. Pale huwezi kutumia injini, na pondo halimshindi kiboko mbio.

Msikimbilie upande mmoja kupiga picha. Kubalianeni mapema: mmoja atazame kushoto, mwingine kulia, kila mtu akae kwake. Mwenye uzito zaidi akae katikati.

Hatua ya 5: Ndege

Furukombe, tai mla samaki, mtamsikia kabla ya kumwona. Mnandi hukausha mbawa juu ya visiki, mdiria huelea hewani kabla ya kujitupa majini, yangeyange na mwari wapo pembezoni. Darubini moja inatosha. Anayetazama kwa macho matupu ndiye huwaona wa kwanza.

Hatua ya 6: Kushuka

Mamba hulala ufukoni, basi nahodha atangulie. Msioshe miguu bwawani, kichocho kipo maji ya aina hii. Ukuta wa bwawa na mitambo msivipige picha, ni eneo linalolindwa. Perege nunueni hapo hapo, mwombe muuzaji awapasue na kuwatia chumvi kabla hamjapanda basi la kurudi Dodoma.