Namna ya Kuendesha Semina na Shindano la Hisabati la Wanafunzi Chuoni

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wahadhiri vijana na viongozi wa wanafunzi wanaotaka idara yao ya hisabati iwe na uhai nje ya vipindi vya ratiba. Nimekuwa mlezi wa shughuli hizi jijini Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuamini jambo moja, nalo ndilo linalobeba hatua zote zinazofuata: semina na shindano havipaswi kutenganishwa. Shindano lisilo na semina huishia kwenye orodha ya majina iliyobandikwa ukutani, na semina isiyo na maswali ya kuhangaikia hugeuka mhadhara mwingine, ambapo mwanafunzi hukaa kiti cha nyuma akisubiri muda uishe. Vikiunganishwa, swali lililomshinda mtu Jumamosi ndilo linalomleta ubaoni wiki inayofuata.

Hatua ya kwanza: kamati, chumba na saa

Kamati ya watu watano inatosha. Hakikisheni mmoja wao ni wa mwaka wa kwanza, na mwingine anasoma shahada ya ualimu, kwa kuwa wanafunzi wa ualimu wa hisabati wana ratiba yao, ikiwamo mazoezi ya kufundisha mashuleni, na wasipokuwa na msemaji ndani ya kamati husahaulika. Mwandikieni mkuu wa idara barua fupi inayotaja chumba, siku, saa na jina la mhadhiri mlezi. Barua hiyo ya kwanza isiombe fedha. Ombi la chumba hujibiwa haraka, ilhali ombi la fedha hupita meza nyingi.

Saa ya semina ipangwe kwa kuzingatia foleni za barabarani. Wanafunzi wengi hawaishi ndani ya chuo, na anayerudi Kimara au Mbagala akitoka saa moja usiku atafika kwake amechoka, na wiki ijayo hatakuja. Kwa uzoefu wangu, kuanza saa kumi kamili na kumaliza saa kumi na moja jioni ndiko kunakofaa, na mchana wa Ijumaa uachwe kwa ajili ya swala. Chumba kiwe na ubao mpana. Projekta si lazima, na mimi huwashauri wasemaji wasiitegemee kabisa: umeme ukikatika, semina ya ubaoni inaendelea, na zaidi ya hapo mkono unaoandika huenda kwa mwendo ambao akili ya msikilizaji inaweza kuufuata.

Hatua ya pili: mada ianze na swali

Kosa la kawaida ni kuchagua mada kwa jina la kozi. Tangazo linaloandikwa "Nadharia ya Foleni" litawaleta waliokwisha kuisoma. Afadhali muulize: kwa nini kituo cha mwendokasi cha Kimara hujaa asubuhi hata mabasi yanapokuja mfululizo? Huduma hiyo ilianza mwaka 2016, na kila mwanafunzi anayepita Barabara ya Morogoro anaifahamu. Kutoka hapo msemaji anaweza kueleza kanuni ambayo mtafiti wa Marekani John Little aliithibitisha mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru: wastani wa idadi ya watu walio kituoni ni sawa na wastani wa wanaofika kwa kila dakika, ukizidishwa na wastani wa dakika ambazo kila mmoja hukaa hapo. Tuchukulie kwamba abiria 20 hufika kila dakika na kila mmoja husubiri dakika 15; basi kwa wastani watakuwapo watu 300. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haijali kama abiria hufika kwa utaratibu au kwa makundi, na hapo ndipo wasikilizaji huanza kubisha na kudai uthibitisho. Ubishi huo ndio semina yenyewe.

Mada nyingine za namna hii zipo nyingi. Madaraja saba ya mji wa Königsberg, ambayo mwanahisabati Euler aliyaandikia mwaka 1736 akiuliza kama mtu anaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu, yanamfaa msemaji wa mwaka wa kwanza kwa sababu hayahitaji kalkulasi. Kwa walio mbele zaidi, kuna modeli ya malaria ya daktari Mwingereza Ronald Ross, iliyoonyesha kwamba si lazima kumuua kila mbu ili ugonjwa ufifie, bali inatosha kuwapunguza mpaka chini ya kiwango fulani.

Hatua ya tatu: msemaji aandaliwe

Msemaji awe mwanafunzi. Mhadhiri azungumze mara moja kwa muhula, si zaidi, maana akizoeleka ubaoni hakuna mwanafunzi atakayejitokeza. Siku mbili kabla, msemaji afanye majaribio mbele ya wanakamati wawili, aangalie saa, na apunguze: dakika 40 za kueleza, dakika 20 za maswali.

Kuhusu lugha, kozi zetu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini semina si mtihani. Mwacheni msemaji aeleze kwa Kiswahili na aandike alama na istilahi kama alivyozisoma darasani. Nimeona wanafunzi walionyamaza muhula mzima wakiuliza maswali makali mara tu ruhusa hiyo ilipotolewa.

Wekeni pia kanuni moja: yeyote anayesema "ni dhahiri" anaweza kuulizwa kwa nini. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa akithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Alizidisha namba tasa zote zilizokuwa kwenye orodha yake, akajumlisha moja, akaandika kuwa ni dhahiri jibu ni namba tasa mpya. Kijana aliyekaa karibu na dirisha akamwomba ajaribu kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Akapata 30031, na chumba kizima kikaanza kugawanya, mpaka mtu akapaza sauti kwamba ni 59 mara 509. Yule binti alisimama kimya kidogo, akafuta mstari mmoja tu, akaandika kwamba namba hiyo lazima igawanyike kwa namba tasa ambayo haimo kwenye orodha. Uthibitisho ukasimama, na sidhani kama yeyote aliyekuwapo atausahau.

Hatua ya nne: kutunga maswali ya shindano

Maswali sita kwa saa tatu yanatosha. Msiige ugumu wa mashindano makubwa. Shindano la Putnam la Marekani na Kanada lina maswali 12 yenye alama 10 kila moja, na iko miaka ambayo nusu ya watahiniwa, pamoja na maandalizi yao yote, hupata alama moja au sifuri. Kwa idara inayoanza, karatasi ya aina hiyo itafukuza watu. Swali la kwanza liwe ambalo karibu kila aliyekuja ataligusa, na la sita liwe la kuwapambanua wachache.

Swali zuri lina maneno machache, linaweza kujaribiwa kwa mikono, na halijibiki kwa kukumbuka fomula. Chukueni hili: umepewa namba kamili 7, zozote zile, zimepangwa kwa mstari, thibitisha kwamba zipo namba zinazofuatana kwenye mstari huo, au hata namba moja pekee, ambazo jumla yake hugawanyika kwa 7 bila baki. Mtahiniwa anaweza kuanza na mfano wake, tuseme 3, 5, 1, 8, 2, 10, 4. Akijumlisha hatua kwa hatua atapata 3, 8, 9, 17, 19, 29, 33. Akigawanya kila jumla kwa 7, mabaki ni 3, 1, 2, 3, 5, 1, 5. Baki la 3 limejirudia kwenye jumla ya kwanza na ya nne, kwa hiyo tofauti yao, 17 kutoa 3, ni 14, ambayo ndiyo 5 na 1 na 8. Hoja ya jumla imejificha humo humo: ama mojawapo ya jumla saba haina baki, ama mabaki saba yanagawana thamani sita tu, kuanzia 1 hadi 6, na lazima mawili yafanane.

Kila swali litatuliwe na watu wawili ambao hawakulitunga, kabla ya kuchapwa. Hatua hii isirukwe.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Fanyeni Jumamosi asubuhi, mbali na majuma ya testi. Watahiniwa waandike namba badala ya majina, simu na kikokotoo vikae mezani kwa msimamizi, na maji ya kunywa yawepo kwa sababu ya joto.

Hatua ya sita: usahihishaji

Hapa ndipo heshima ya shindano hujengwa au huvunjika. Tumieni alama 0 hadi 7 kwa kila swali, kama inavyofanyika kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, na muandike mwongozo wa alama kabla ya kufungua karatasi. Kwa swali la namba saba, mimi ningetoa alama 1 kwa mfano uliofanywa sawasawa, 3 kwa aliyefikiria jumla za hatua kwa hatua, 5 kwa aliyeona kwamba mabaki yatagongana lakini akasahau hali ambapo baki ni sifuri, na 7 kwa hoja kamili. Kila swali lisahihishwe na watu wawili kila mmoja kivyake. Wakitofautiana, wakae pamoja na kusoma tena karatasi, wasichukue wastani. Mtahiniwa aruhusiwe kuiona karatasi yake na kuuliza.

Hatua ya saba: maswali yarudi ubaoni

Semina mbili zinazofuata shindano ziwe za majibu. Msiwaite washindi pekee. Mwiteni pia aliyepata alama 3 lakini kwa njia ambayo kamati haikuitarajia. Zawadi ziwe vitabu na cheti kilichosainiwa na mkuu wa idara. Wanaoonyesha nia waendelee kwa maswali ya miaka iliyopita ya shindano la kimataifa la wanafunzi wa vyuo lililoanza mwaka 1994 nchini Bulgaria. Yanapatikana bure kwenye intaneti pamoja na majibu, na hata asiyeweza kusafiri anaweza kuyafanyia kazi kila wiki.

Mwisho, ipangeni Machi 14, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati, kuwa siku ya kukaribisha wanafunzi wa sekondari za jirani. Barua kwa wakuu wa shule zipelekwe kwa mkono mapema Februari, na zieleze waziwazi kwamba watakaofundisha siku hiyo ni wanafunzi wa chuo, kila mmoja na swali moja na ubao wake.