Okidi yenye majani mengi bila ua: angalia uwiano wa mbolea

Mama mmoja wa Mbezi Beach aliniita nimwangalizie okidi zake. Shikamoo haijajibiwa vizuri, tayari ameshanishika mkono kunipeleka barazani. "Mwanangu, tazama majani haya. Yamenenepa, kijani chake kinapendeza. Sasa ua liko wapi? Huu mwaka wa pili."

Zilikuwa okidi nane za aina ya Dendrobium, zimepandwa kwenye makumbi ya nazi na kuning'inizwa chini ya mwembe. Nilishusha chungu kimoja nikakigeuza kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na utando mweupe, kama chumvi iliyokaukia sufuriani. Ncha za mizizi, ambazo kwa okidi yenye afya huwa kijani kibichi na zinang'aa, zilikuwa kahawia, zimesinyaa kama uzi ulioungua. Nikauliza mbolea. Akaleta mfuko wa yurea uliobaki shambani kwao kwenye mahindi. Kila Jumamosi, kijiko kimoja kwenye jagi la maji.

Yurea ina asilimia 46 ya nitrojeni na haina fosforasi wala potasiamu. Mahindi yanaifaidi kwa sababu udongo una bakteria wengi wanaoigeuza kuwa chakula ambacho mzizi unakichukua kwa urahisi. Kwenye chungu cha makumbi na mkaa, kazi hiyo inakwenda polepole, na maji yenyewe yameshachuruzika. Ile nitrojeni inayofanikiwa kuingia inasukuma majani tu: mapana, laini, yenye maji mengi, na masika yakifika ndiyo yanayoanza kuoza. Mmea unaoshibishwa nitrojeni kupita kiasi huendelea kuota na kuchelewa kuchanua.

Tukumbuke okidi hizi tunazofuga Dar zinatokea wapi. Dendrobium, Vanda na Phalaenopsis, ile yenye maua kama vipepeo, kwa asili nyingi huishi zimeshikilia matawi ya miti. Chakula chao ni maji ya mvua yaliyopita kwenye majani yanayooza na vinyesi vya ndege, kidogo kidogo, tena mara kwa mara. Mzizi umevikwa ngozi nyeupe kama sponji inayofyonza maji upesi sana. Maji yakiwa makali, ukali wote unaingia hapo hapo. Ndiyo maana sipendi kabisa kusikia mtu akipima mbolea ya okidi kwa mkono.

Kwa kazi ya kila wiki ninashauri mbolea inayoyeyuka yote majini, NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya uwiano sawa, 20-20-20 au inayokaribia hapo, na kwenye lebo utafute ile ambayo nitrojeni yake nyingi ni ya naitreti, ambayo mzizi unaichukua moja kwa moja, si ya yurea. Ile 17-17-17 ya chengachenga iache shambani. Kipimo: nusu kijiko cha chai, kijiko cha kusawazisha, kwa lita 4 za maji. Kwa ndoo ya lita 20 ni vijiko viwili na nusu. Mwagilia maji matupu kwanza mpaka mizizi ibadilike kutoka rangi ya fedha kuwa kijani, kisha ndipo umwage mbolea. Wiki ya nne usiweke mbolea. Pitisha maji safi mengi chunguni, yatoke chini kwa dakika kadhaa, yaondoke na chumvi iliyobaki. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Februari, usiiruke wiki hii, maana jua linakausha maji na chumvi inabaki.

Makumbi yetu ya nazi ni mazuri na ni ya bei nafuu, ila yana tabia yake. Yanakuja na sodiamu na potasiamu nyingi, halafu yanang'ang'ania kalsiamu na magnesiamu unayoweka. Yaloweke siku tatu, ukibadilisha maji kila siku, kabla ya kupanda. Baadaye, mara moja kwa mwezi, badala ya NPK weka kalsiamu naitreti kwa kipimo kile kile. Usizichanganye mbolea hizi mbili zikiwa nzito kwenye ndoo moja. Kalsiamu inashikana na fosforasi, inaganda na kutuama chini, na mmea haupati kitu. Jani changa likitoka na ncha nyeusi, upungufu wa kalsiamu ni kati ya vitu vya kwanza kushuku.

Maji nayo yahesabiwe. Visima vingi vya karibu na bahari, Kigamboni na kwingineko, vina chumvi. Ukiyaonja ukasikia chumvi, okidi imeshaisikia zamani. Kinga maji ya mvua ya vuli na masika kwenye pipa, uyatumie kwa okidi peke yake.

Na busta za maua, zile za 10-30-20? Watu wengi huniuliza. Okidi inahitaji fosforasi kidogo tu, na 20-20-20 inaitosheleza. Phalaenopsis huitwa kuchanua na ubaridi: joto likizidi nyuzi 28 muda wote, kikonyo cha maua hakitoki, usiku ukipoa kwa wiki kadhaa kinatoka. Hapa Dar ubaridi huo tunaupata kipupwe, Juni hadi Agosti. Aliyemwaga busta Juni akaona kikonyo Julai huamini ni busta, kumbe ni upepo wa usiku. Dendrobium yenyewe inataka shina lililokomaa na mwanga mwingi, na hapo mwembe wa yule mama ulikuwa na sehemu yake ya lawama.

Tulisuuza vyungu vyote vinane kwa maji ya mvua, tukakata mizizi iliyokufa, tukavihamishia upande wa mashariki wa baraza ambako jua la asubuhi linafika hadi saa nne. Mwezi mzima maji matupu, ndipo tukaanza kipimo kile kidogo. Wiki ya sita alinitumia picha: ncha mpya za mizizi, kijani, zimetokeza kwenye vyungu vitano. Maua bado. Mashina mapya mawili yameanza kunenepa.